Gubigubi Hajatoka

Mulanda, Tororo
Alhamisi jioni

Kwa Meneja,
Idara ya Malalamiko,
Mchezo wa Zizi la Maajabu,
Huko mliko.

Ndugu Meneja,

YAH: MDUDU WENU KUKATAA KUTOKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaokaa ofisi moja. Mimi ni Erisa Obbo wa Mulanda, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili nikiwa wakala wa forodha mpakani Busia. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kilichoingia kimeingia kwa karatasi, na kilichotoka kimetoka kwa karatasi. Mimi si mtu wa michezo. Nakuandikia kwa sababu katika mchezo wenu wa simu, ule wa kukamata wadudu na majoka na kuwafuga zizini, kuna kiumbe mmoja anayeiharibu nyumba yangu bila kuinua hata kidole, kwa kuwa hana.

Jina mlilompa ninyi silijui kulitamka. Sisi nyumbani tunamwita Gubigubi, kwa jinsi alivyojifunika kuanzia kichwani hadi pale ambapo miguu ingekuwa. Ni kifukofuko cha rangi ya ndizi mbivu, chenye macho mawili yaliyonuna. Mnasema ndani yake mna nondo mkubwa mwenye mabawa ya dhahabu. Sijamwona. Nayaleta malalamiko yangu kwa nambari ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

1. Kwamba Gubigubi hana kazi. Wenzake zizini wanatema moto, wanang'ata, wengine wanaimba mpaka adui analala. Yeye ana kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Jikaza". Akipigwa, anajikaza. Asipopigwa, anajikaza. Siku moja nilibonyeza kitufe hicho mara kumi na moja katika vita na panzi, na panzi ndiye aliyechoka akaondoka. Dereva mmoja wa malori ya mahindi, Hamuza, alikuwa akichungulia juu ya bega langu. Akasema, "Mzee, hii dudu yako nalala tu. Kwetu hata bibi harusi natoka siku ya tatu." Nikabonyeza Jikaza.

2. Kwamba amemfundisha binti yangu tabia zake. Apio yuko mwaka wa pili chuoni Busitema, anasomea uhandisi. Muhula uliopita alianguka somo moja. Moja tu, Ndugu Meneja, na mtihani wa kulirudia ni Jumatatu ijayo. Lakini alirudi nyumbani na sanduku lake na godoro lake, akaingia chumbani, akajifunika blanketi, na kwa wiki sita hakuvuka kizingiti cha nyumba. Alikula, alioga, aliitikia salamu. Kutoka ndiko asikotaka. Mchungaji alimwombea kupitia dirishani. Mama yake, Elinah, alilia mpaka akachoka. Mimi sikulia, ila nilianza kuchelewa kurudi nyumbani, maana sikupenda kuuona ule mlango uliofungwa. Nilipomuuliza atatoka lini, alinyoosha mkono kutoka ndani ya blanketi akanionyesha simu yake ya zamani, Gubigubi akiwa ndani yake. "Baba," akasema, "huyu akitoka, na mimi natoka."

Maneno hayo niliyaandika. Apio akatia sahihi, nami nikatia yangu pamoja na mhuri wa kazi. Nakala ninayo.

3. Kwamba masharti yenu ni magumu kuliko ya forodha. Mnataka hatua elfu hamsini ndipo Gubigubi atoke. Apio hatembei, kwa hiyo nani atembee? Nilichukua simu nikaenda nayo kazini. Bodaboda hamuihesabu. Lori hamlihesabu. Siku ya kwanza nilipovuka upande wa Kenya, simu ilikamata mtandao wa huko, nanyi mkaniuliza niko nchi gani, na kabla sijajibu mkanirudisha kwenye sifuri. Tangu hapo nimekuwa nikitembea hadi inchi ya mwisho ya Uganda, nageuka, narudi. Watu wa mpakani walionijua miaka yote kama mtu wa maana sasa wananipa pole bila kusema ya nini.

4. Kwamba hamkutoa cheti. Afisa mmoja wa kukagua mimea na wadudu aliniuliza kwa adabu ni kitu gani ninachokitembeza kila siku nikikitazama. Nikasema ukweli, mdudu hai aliye ndani ya kifukofuko. Akaomba cheti chake cha afya. Nimepekua mchezo wenu wote, hakipo.

5. Kwamba mmemtukana mama mkwe wangu. Jumamosi iliyopita Mama Taaka, mzazi wa Elinah, alitoka Sikuda kuja kumwona mjukuu wake. Kwa desturi yetu mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe, wala sisi wawili hatutazamani usoni. Basi yeye aliketi kwenye jiko la nje, mimi nikaketi nyuma ya ukuta wa jikoni, na Elinah akawa wa kupeleka maneno. Mama Taaka ni Msamia, mimi ni mtu wa Padhola, na ukwe wetu umeendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Nilimpelekea simu kwa mkono wa Elinah. Aliigeuza na kuigeuza, kisha akauliza kichuguu kiko wapi.

Kama huko kwenu hakuna kumbikumbi, nieleze kidogo. Mvua zikianza, watu wa huku hawamngoji kumbikumbi atoke kwa hiari yake. Wanafunika kichuguu kwa blanketi, wanakaa pembeni, wanapiga vijiti juu ya ubao, polepole, bila kuchoka, mpaka walio chini wanaamini kwamba mvua inanyesha. Wanatoka wenyewe. Sijasikia mdudu wa Tororo wala wa Busia aliyewahi kuvishinda vijiti hivyo.

Kichuguu chetu kiko chini ya dirisha la Apio. Mama Taaka aliamuru simu iwekwe juu ya ubao, na ubao juu ya kichuguu, kisha akataka blanketi. Mengine yote Elinah alikuwa ameyafua, yako kwenye kamba yanachuruzika maji, ikabidi aombwe Apio la kwake. Bibi akiomba, mjukuu hakatai. Akalipitisha dirishani. Mama Taaka alipiga vijiti saa mbili, na simu yenu ikahesabu kila pigo kuwa hatua. Nikiwa nyuma ya ukuta nilikuwa nikitangaziwa idadi. Tulifika elfu arobaini na nane, pamoja na zangu za mpakani. Zilibaki elfu mbili tu, Ndugu Meneja, ndipo mkaandika kwa herufi nyekundu kwamba mwendo huu si wa binadamu, mkafunga zizi kwa siku thelathini.

Mama mkwe wangu ni binadamu. Ana kitambulisho cha taifa, na amezaa watoto tisa.

6. Kwamba mmeiacha hali ya binti yangu bila ufafanuzi. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Wakati vijiti vikipigwa, upepo ulianza kuliinua blanketi, na Apio akatoka nje akashika pembe. Muda si muda kumbikumbi wa kweli wakaanza kumiminika, akamwita mama yake alete beseni. Alikaa kwenye majani na bibi yake mpaka jua likapungua makali, wanang'oa mabawa, wanakula wengine wabichi. Nilimsikia akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu muhula uliopita. Jumapili akatoka tena kuanika kumbikumbi. Jumatatu akaenda kisimani.

Mnaiona shida yenyewe. Kwa mujibu wa makubaliano, Apio anatoka Gubigubi akitoka. Gubigubi hajatoka. Kwa hiyo Apio yuko ndani, hata kama nilimwona kwa macho yangu amebeba jerikani. Mpakani kwetu lori lililopita bila mhuri halijapita, limepotea. Wiki nzima nimekaa sijui nifurahi au nisifurahi, maana karatasi hairuhusu.

Kwa hayo yote naomba kwa heshima mfungue zizi kabla ya Jumatatu. Ikishindikana, mtoeni Gubigubi kwa amri ya ofisi. Na kama hata hilo haliwezekani, basi tumeni barua yenye mhuri isemayo kwamba ametoka, tarehe iwe Jumamosi iliyopita, saa kumi alasiri. Nitaiweka kwenye faili, naye Apio atakuwa ametoka kihalali.

Wasalimie wafanyakazi wenzako, wachoraji, wapishi wa chai na mlinzi wa geti. Yule aliyechora macho ya Gubigubi mwambie nayaona hata nikifumba yangu. Elinah anawasalimu. Mama Taaka hawasalimu.

Wenu ninayengoja kwa karatasi zote zinazohitajika,

Erisa Obbo
Wakala wa Forodha, Busia
(mhuri umepigwa hapa)

Nyongeza, Ijumaa asubuhi. Nilikwenda kumpa Apio barua hii aikague kabla sijaituma. Nimekuta mbao za kitanda tupu, godoro halipo, blanketi limekunjwa. Juu ya blanketi kuna simu ya zamani na nakala yake ya makubaliano yetu. Chini ya mhuri wangu ameandika, "Baba, mimi nimetoka. Huyu mwache na muda wake." Elinah anasema ameondoka na bodaboda ya kwanza kwenda Busitema, na kopo la kumbikumbi waliokaangwa. Nimekaa juu ya mbao nikalia, jambo ambalo halimo katika nambari yoyote hapo juu.

Kwa hiyo naomba barua hii muihesabu kuwa haikuandikwa, isipokuwa salamu. Zizi liacheni limefungwa, na mdudu asitolewe kwa amri ya mtu yeyote. Siku thelathini zikiisha nitazitembea mwenyewe hizo hatua elfu mbili.

Kuhusu nambari 5, Elinah amempigia mama yake simu kumpa habari, nami nikiwa nyuma ya mlango nikaomba aulizwe alijuaje kwamba mdudu wa simu atasikia vijiti. Jibu lake nimelisikia mwenyewe.

"Mdudu gani? Siku ile miwani nalisahau huku Sikuda. Mimi naliambiwa tu iko mtu ndani nakataa kutoka."