Kivuli cha Mfano

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa mji wa Bunia, wenye jasho na wasio na jasho, kwamba jua limekuwa likiwaangukia watu bila utaratibu wowote, na kwamba hali hiyo sasa imefika mwisho. Tume ya Vivuli vya Nyumbani imeshaundwa. Ina mwenyekiti, ina muhuri, na ina mimi.

Naitwa Isidore, katibu wa muda wa Tume. Neno hilo lisiwatie wasiwasi. Barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa tayari zamani, ikingoja tu sahihi ya mwenyekiti wetu, Bwana Espoir, ambaye wote tunamwita Président, naye ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mimi si mtu wa kuharakisha wakubwa.

Wapo wenye roho mbaya waliouliza kwa nini serikali ihangaike na kivuli wakati kuna mambo mengine. Nitawajibu. Pita katika kartie yoyote, mtaa wowote ule, mchana. Huyu amesimamisha paillote, kibanda cha nyasi, yule amefunga turubai kati ya dirisha na choo, mwingine amejikalia chini ya mti wa avoka wa jirani kana kwamba aliupanda yeye. Kila mtu anapoa kivyake. Nchi haiwezi kwenda mbele namna hiyo.

Tume ilikaa katika ofisi yake, ambayo ina joto kali, ikachunguza vivuli vyote vinavyojulikana na binadamu. Paillote tuliikataa kwa sababu nyasi huleta panya, na mtu akikaa ndani yake mawazo yanaelekea pombe. Mwavuli mkubwa wa bustani unafunika mtu mmoja na nusu, na hatukuelewana kuhusu ile nusu. Mti wa avoka ulitupotezea asubuhi nzima. Una kosa kubwa: asubuhi kivuli chake kiko kwa mwenye mti, jioni kimeshavuka ua na kuingia kwa jirani, bila hati yoyote ya kusafiria. Fundi mmoja akatuletea picha ya kivuli cha kisasa, cha vibao vilivyoachana, ambacho matajiri wa mbali hujenga bustanini. Président aliitazama sana, akauliza mvua itapita wapi. Fundi akasema itapita katikati ya vibao. Tukamshukuru, akaenda zake.

Mwishowe tukapitisha Kivuli cha Mfano: turubai jeupe juu ya nguzo za chuma, mbele ya nyumba, likitazama barabara, na viti vya plastiki vimepangwa chini yake kwa mistari. Kisafi, chenye heshima. Nilihisi nimeshakiona mahali fulani, lakini sikukumbuka wapi.

Kila kivuli kisichofanana na Mfano kingebomolewa, na cha kwanza kilikuwa hangar ya Mama Vahwere, banda lisilo na kuta, kwa kuwa iko ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Président, na ndiyo kitu cha kwanza anachokiona akifungua dirisha. Nguzo zake ni miti ya mikaratusi. Paa ni mabati ya kuokota, yaliyozibwa kwa turubai la msaada ambalo herufi zake zimeliwa na jua. Tangu Mama Vahwere ahamie hapa kutoka upande wa Butembo, anapika maharagwe na sombe ya majani ya muhogo chini ya paa hilo, vijana wa moto, yaani waendesha pikipiki, wanakula, na watoto wake wanasoma shule kwa maharagwe hayo. Alikuja ofisini na kitambaa chake cha jikoni bado begani.

"Katibu, hangar yangu ilikosa nini?"

"Haifanani na Mfano, mama."

"Ile Mfano iko wapi niione?"

"Bado haijajengwa."

"Sasa hangar yangu inakosa kufanana na kitu yenye haiko?"

"Ndiyo maana kosa lako ni zito."

Akanitazama kwa huruma, sikujua ya nini. Akaniuliza wakishabomoa atapikia wapi, na watoto watakula nini. Nilimweleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya chakula, na Tume yetu ni ya vivuli.

Amri ya kubomoa ilibaki kutiwa sahihi tu. Président alikuwa Mongbwalu, akikagua namna wachimba dhahabu wanavyojikinga jua, na angerudi Ijumaa kufungua Kivuli cha Mfano nyumbani kwake na kutia sahihi mbele ya umma. Matayarisho aliniachia mimi.

Nilitayarisha. Turubai jeupe lilisimama tangu asubuhi. Viti vikapangwa. Nikapamba mlango wa kiwanja kwa matawi ya mitende, mengine nikayalaza kandokando ya barabara ili watu wa moto wapunguze mwendo. Juu ya meza yenye kitambaa cheupe nikaweka picha kubwa ya Président ndani ya fremu, na maua pande zote mbili, maana kiongozi asipokuwepo lazima aonekane. Nikaita kwaya ya kanisa lake. Waliniuliza waimbe nini. Nikawaambia kitu cha heshima, chenye uzito, kisichochezesha mabega. Mke wake, Mama Hortense, alikuwa amekwenda kusukwa nywele.

Wa kwanza kupita alikuwa Abdoul, kijana wa moto tunayemfahamu wote. Aliona matawi, akapunguza mwendo. Akaona picha, akazima moto kabisa na kuvua kofia.

"Pole sana, katibu."

"Aksanti. Kweli tumechoka."

"Ilianza lini?"

"Leo asubuhi. Lakini tulikuwa tunajiandaa tangu wiki ile."

"Yee! Mulikuwa munajua?"

"Tulijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga siku."

Abdoul akashika kichwa kwa mikono miwili, akapanda moto wake na kuondoka mbio. Nikafurahi kuona kijana wa leo anavyojali mpango wa serikali.

Baada ya hapo umma ulianza kufika, na nathubutu kusema Tume haijawahi kuona umma wa namna ile. Wamama walikuja wamefunga vitenge kiunoni, kuni kichwani. Wengine walileta unga, wengine mikeka. Wanaume walisogeza viti na kukaa kimya, mikono kwenye magoti. Mama mmoja alijitupa chini mbele ya picha na kugaragara. Nikaandika: hamasa ni kubwa.

"Wanamuleta saa ngapi?" mzee mmoja akaninong'oneza.

"Wakati wowote. Yuko njiani kutoka Mongbwalu."

"Na gari gani?"

"La Tume. Amelala nyuma, safari ni ndefu."

Mzee akafuta macho, akapeleka habari hiyo kwa wengine, na vilio vikapanda juu ya sauti ya kwaya.

Hapo ndipo Mama Hortense akafika kutoka saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko wazi. Akasimama mlangoni. Aliona turubai, akaona matawi, akaona picha ya mume wake katikati ya maua.

"Espoir! Espoir wangu! Barabara ya Mongbwalu imenikulia bwana!"

Akaanguka, wamama wakamdaka. Na mimi, mbele ya kilio kile, ghafla nikakumbuka nilikokiona Kivuli cha Mfano. Nilikiona kwenye kila matanga ya mji huu, pamoja na matawi yale yale barabarani. Nilikiona tulipomlilia mjomba wangu.

Kulikuwa na mambo mawili tu: ama nimemfanyia Président matanga akiwa hai, ama amekufa kweli na mimi sikuambiwa. Nilipiga simu yake. Haikupatikana. Marehemu wengi hawapatikani. Nikatafakari kwa kufuata ngazi za kazi. Mimi ni katibu wa muda. Habari za kifo cha mkubwa hunifikia mwisho. Mke wa Président ananizidi kwa kila kitu, na yeye anasema amekufa. Nikalia.

Nikiwa nalia nikamwona Mama Vahwere anavuka barabara na sufuria kubwa ya maharagwe kichwani. Nilishangaa mpaka machozi yakakauka.

"Hata weye, mama?"

"Mufu iko mufu, katibu. Kilio hakichaguaka. Nisaidie kushusha."

Nikamsaidia kushusha. Kusema kweli, jambo hilo lilinichoma rohoni kidogo, ingawa sikuliandika.

Kisha mvua ikaja, mvua yetu ya Bunia isiyobisha hodi. Mwanzoni Kivuli cha Mfano kilijitahidi. Turubai lilipokea maji, likafanya tumbo, tumbo likashuka polepole juu ya mstari wa mbele walipokaa wageni wa heshima, likapasuka. Nguzo za chuma zikalala chini moja baada ya nyingine. Nilinyakua picha, kwaya ikanyakua Mama Hortense, na sisi sote tukavuka barabara mbio mpaka chini ya hangar ya Mama Vahwere.

Tulijazana, lakini tulienea. Paa lilivuja mahali pamoja tu. Mama Vahwere alipajua, akapawekea beseni bila hata kupatazama.

Mchungaji wa kanisa lake, aliyekuja na kwaya, akasema, kwa kuwa tumeshakusanyika, anayemjua marehemu aseme neno. Mtu mmoja akasema marehemu alikuwa na gari safi. Mwingine akasema alikuwa anafika kazini, si kila siku, lakini alikuwa anafika. Mchungaji akatuhimiza kwa macho. Ndipo Mama Vahwere akasimama, mwiko mkononi.

"Miye niko na neno ya marehemu. Mbele aende Mongbwalu, alivuka barabara na miguu yake, akakuya kukaa pale Madame Hortense iko. Nikamupa maharagi, akakula. Akaniambia: 'Mama Vahwere, hii hangar yako mutu asiiguse. Nilikusemeaka vibaya, na roho inaniuma.' Njo neno yake ya mwisho kwangu."

Mimi najua vizuri kwamba Président hajawahi kuvuka barabara ile kwa miguu. Nilifungua mdomo. Lakini nani anabishana na neno la marehemu penye kilio? Mama Hortense alikuwa ameshaanza kulia upya.

"Miye bibi yake, sikujua alikuwa na roho ya vile! Sikujua!"

Mchungaji akaliombea neno lile, na hangar nzima ikaitika amina. Jambo likishaombewa, hakuna tume inayoweza kulirekebisha. Nililiandika kama lilivyo.

Amina haijapoa, moto moja ikasimama barabarani, na nyuma ya dereva alikuwepo mtu aliyejaa matope mpaka masikioni. Gari la Tume lilikuwa limezama kwenye matope ya Mongbwalu, simu ikazama nalo. Mtu huyo alitazama Kivuli cha Mfano kilicholala chini. Akatazama nyumba yake isiyo na mtu. Kisha akatuona sisi, kartie nzima, chini ya kivuli alichokikataza.

"Isidore! Iko nini hapa? Nani aliruhusu hii mukutano? Nani alikufa?"

Abdoul, kijana mwenye adabu, akasema, "Ni weye, Président."

Kwaya, iliyokuwa imeanza wimbo, ikaukata katikati. Mama mmoja alitoka kwa nyuma na unga wake. Mama Hortense akatembea kwenye mvua mpaka alipo mume wake, akamshika mashavu yote mawili, akayabonyeza, akavua sapatu na kumchapa nayo begani. Kisha akamkumbatia na kulia kuliko mwanzo. Kilio kile kilikuwa cha namna nyingine, nami sioni haya kusema nililia tena, safari hii bila kufuata ngazi yoyote.

Alipomwingiza ndani ya hangar, Président alikumbuka cheo chake. Akainua kidole kuelekea paa.

"Na hii hangar..."

"Mama Vahwere alituambia," Mama Hortense akamkata, akiushika ule mkono wenye kidole. "Alituambia yote. Pardon, bwana yangu. Miaka yote nilifikiri uko na roho ya jiwe."

Watu wote wakamtazama. Mchungaji akarudia amina, kwa usalama. Mama Vahwere akampa sahani iliyojaa.

"Kula, Président. Sawa vile ulikula ile siku."

Président aliitazama sahani. Akamtazama mke wake, ambaye uso wake uling'aa kwa mapenzi ambayo, nadhani, hakuwa ameyaona tangu harusi. Akanitazama mimi, mimi nikatazama beseni. Sijawahi kuona mkubwa akitafuta mlango kwa bidii namna ile katika nyumba isiyo na kuta. Kisha akakaa. Akala kijiko kimoja, cha pili.

"Ile siku," akasema polepole, "chumvi ilikuwa kidogo."

Hangar ililipuka kwa makofi. Hivyo ndivyo amri ya kubomoa ilivyokufa badala ya Président.

Ingeishia hapo, lakini sifa ni tamu, hasa kwa aliyezikosa. Président alimwinamia Mama Vahwere akauliza chinichini, "Nilisema nini ingine?" Watu wakasikia.

"Ulisema siye batu ya moto tukae hapa bila kufukuzwa," akasema Abdoul.

"Nilisema," Président akakubali, mdomo umejaa.

"Paillote yangu ulisema iko muzuri kabisa!" mwingine akadakia.

"Hiyo pia nilisema."

"Na avoka yangu, ulisema kivuli yake iende kwenye inataka!"

"Iende," akasema Président, na Mama Hortense akamminya mkono.

Niliona mlango umefunguka, na mimi si mtu wa kuharakisha wakubwa, lakini mlango ni mlango. Nikajipenyeza mpaka mbele.

"Na mimi, Président, ulisema ukirudi tu utatia sahihi ile barua yangu ya kunithibitisha."

Président akapangusa midomo. Akanitazama kwa yale macho yake ya ofisini, yaliyokuwa yamerudi mazima kabisa.

"Hapana, Isidore," akasema. "Ile saa nilikuwa nimekwisha kufa."