Kima Wanaoitika Filimbi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Meneja wa hoteli katuita, mimi na shemeji. Anataka mwongoza watalii mmoja tu. Kitambulisho atakitoa Ijumaa. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anajua kila ndege wa kisiwa hiki, lakini maneno hana. Mimi niliwahi kumkazia macho chatu mpaka akanipisha. Mke wangu anadai niliyepisha ni mimi, tena si chatu, ni mpira wa kumwagilia bustani. Aliona kwa mbali.

Jumanne, tarehe 5
Wageni wamesafiri siku mbili kuja kuona kima, na kima hawana miadi. Shemeji huwasubiri saa tatu nzima, kimya, kama yuko msibani. Mimi nimenunua filimbi na mkungu wa ndizi. Napuliza, natupa. Mpaka mchana kima kumi na wawili wananisikiliza kuliko wanangu.

Jumatano, tarehe 6
Ushindi. Nimewaambia wageni babu alinirithisha lugha ya kima. Nikapuliza. Wakashuka arobaini. Mgeni mmoja, kaungua jua mpaka kaiva kama nyanya, katoa machozi. Kima naye alimkodolea macho kama vile yeye ndiye aliyelipa kiingilio. Shemeji kaniuliza, je, ndizi zikiisha? Nikamwambia wivu utamzeesha.

Alhamisi, tarehe 7
Asubuhi mlinzi wa bwawa la kuogelea kampulizia filimbi mgeni aliyekuwa akikimbia ukingoni. Filimbi yake na yangu zimetoka duka moja. Kima wote wakaja kunywa chai. Meza ya mikate ikabaki kitambaa, kisha kitambaa nacho kikaondoka. Mlinzi, ili kuwafukuza, akazidi kupuliza. Wakaja na wa upande wa pili wa kisiwa, ambao hata siwafahamu.

Ijumaa, tarehe 8
Kitambulisho kapewa shemeji. Meneja kasema asinione tena hotelini na kitu chochote kinacholia. Mke wangu kanishauri nimfuate shemeji, anifundishe kusubiri. Mimi, nifundishwe na mtu niliyemkuta hajaota ndevu.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa ni la kima. Wana masikio mno. Mnyama wa watalii ni kenge. Huyo hufuata harufu, hahitaji kelele. Nimeshamwaga ndoo mbili za vichwa vya samaki mahali pazuri, penye kivuli, nyuma ya jiko la hoteli.