Jina Mgongoni mwa Kaseti

Jumatano, 8 Novemba
Nimeipata! Tarishi wa Theluji, ndani ya pipa la vitu vibovu, duka la kaseti za michezo ya video ya zamani pale Nipponbashi. Miaka thelathini na mitano naitafuta. Unabeba barua kwenye theluji, humpigi mtu, hufi, unachelewa tu. Watoto wa wakati ule waliucheka mchezo huu. Mimi niliulilia, siku mama alipoigawa kaseti yangu kwa binamu. Hii haina boksi wala kitabu. Na mgongoni ina jina kwa maka peni, kama kaseti zote za utoto wetu: Nukaga Tamotsu, Darasa la Tatu B.

Nukaga! Yuleyule wa kikundi chetu cha Jumamosi cha wakusanyaji wa kaseti, mwenye kabati la vioo na maringo yake.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimelifuta jina. Spiriti, pamba, dakika ishirini. Sasa adai ni yake nimwone. Chizuru, mke wangu, aliuliza pamba zake za uso zinafanya nini mezani. Nikamwambia nasafisha historia. Akasema nikimaliza nisafishe na bafu.

Jumamosi, 11 Novemba
Mkahawani. Kaseti mfukoni, tayari kuwakoga wenzangu. Kabla sijaitoa, Nukaga akaanza kusimulia, wala hakuulizwa. Mama yake alifariki mwezi wa nne. Ndiye aliyeandika jina lake kwenye kila kitu chake cha shule, hadi Tarishi wake, ambaye aliazimwa na mtoto mwenzake asirudi.

"Hata kama haiwaki, naitaka," alisema. "Atakayeniletea ile yenye jina, nampa Tarishi wangu wa boksini, na kitabu chake, na ramani yake. Mwandiko wa mama sina popote."

Boksi! Kitabu! Ramani! Kahawa ilinipalia. Nilisema pole, basi. Kaseti ilibaki mfukoni, safi mgongo mzima.

Jumapili, 12 Novemba
Sikula. Nimeigeuzageuza kaseti kwenye mwanga, labda kuna mstari uliobaki. Hakuna. Katika maisha yangu yote hiki ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amekuja na virago vyake, anahamia.

Mchana nikapata wazo. Kilichofutwa kinaandikika! Nimenunua maka peni, nimeandika polepole, kisha nikasugua kwa majivu ya ubani kutoka kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani tunapomkumbuka marehemu baba, ili wino uonekane mkuukuu. Baba, samahani.

Jumamosi, 18 Novemba
Nilimpa Nukaga kaseti kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili. Boksi lake lilikuwa mezani, tayari. Akapitisha kidole juu ya jina, akarudia, muda mrefu.

"Bwana Hozumi, asante kwa kuhangaika," alisema taratibu. "Lakini huu si mwandiko wa mama."

Hakukasirika. Angenitukana ningepona. Aliuliza kama mgongoni palikuwa na kitu nilipoiokota. Nikasema hapakuwa. Akanirudishia kaseti, akafuta miwani, akaondoka na boksi langu kwapani. Nimelia kwenye treni mpaka Amagasaki. Sijui nilimlilia yeye au ramani.

Jumanne, 21 Novemba
Siku mbili sijatoka kitandani. Leo nimelijua kosa langu. Niliandika bila mwandiko wenyewe mbele yangu!

Nikaenda Sakai kwa dada yake Nukaga, Bi Kinue, muuza tofu, ile jibini ya soya. Nikamwambia nataka kumshangaza kaka yake kwa zawadi. Akafurahi mno. Juzi tu ameona stoo mfuko wa viatu vya shule wa Tamotsu, wenye jina lililoandikwa na mama yao. Nukaga hajui kama upo. Akanikabidhi, macho yamemjaa machozi.

"Mfikishie, kaka. Hiki ndicho kitu pekee kilichobaki chenye mkono wa mama."

Nitamfikishia, baada ya mazoezi ya kuuiga mwandiko. Karatasi haifai, inanyonya wino vibaya, kwa hiyo nimefanyia palepale kwenye mfuko, chini ya jina la mama, halafu pembeni, halafu upande wa pili. Nukaga, Nukaga, Nukaga. Kufikia jioni mfuko umejaa wote, na hata mimi sijui tena lipi aliandika mama yake na lipi nimeandika mimi.

Hatua kubwa hii! Jumamosi boksi ni langu.