Jina la Shangazi kwenye Kopo

Jumatatu, 4 Machi
Mzigo umefika! Makopo mia sita ya krimu ya uso. Si bandia, jamani. Ya kweli kabisa, ila imetengenezwa kuuzwa Korea, nami nimeipata kwa mlango wa uani. Grażyna, mwenye kibanda kinachotazamana na changu hapa sokoni mjini Łódź, akaja kunusanusa. Akauliza maandishi haya ni ya kuku aliyekanyaga wino? Kisha akanikumbusha sheria: kila kopo lazima liwe na jina na anwani ya mtu aliye huku Ulaya, atakayewajibika likimdhuru mteja. Nikamwambia najua.
Sikujua.

Jumanne, 5 Machi
Jina la nani? Langu haliwezekani, tangu ile rangi ya nywele niliyouza mwaka jana ikawachoma wateja. Nikafikiri hadi chai ikapoa. Shangazi Bogumiła! Mfamasia kwa miaka arobaini, sasa amestaafu. Ndiye aliyenilea. Jina lake lina heshima, langu lina historia. Nikachapa lebo mia sita zenye jina na anwani yake. Nitamwambia Jumapili, tukishakula.

Alhamisi, 7 Machi
Makopo themanini kwa siku moja! Wateja wanasoma lebo, wanasema, “Aa, kumbe ni ya Bi Bogumiła!” Grażyna kanuna kama wingu la mvua. Nimepiga mluzi mchana kutwa.

Jumapili, 10 Machi
Sikumwambia.
Alikuwa amenitengea paja la kuku, kama zamani. Lakini yeye hakula. Akasema wanawake wawili walimsimamisha kanisani kumshukuru kwa krimu yake. Krimu gani? Hakumbuki. Akaweka kijiko chini, akanishika mkono.
“Irek, mwanangu, usinifiche. Nimewahi kutengeneza krimu mimi?”
Hapo ndipo pa kusema. Mdomo niliufungua. Kilichotoka ni, “Pumzika, Shangazi.”
Mimi ni mtu wa namna gani?
Paja nililimaliza.

Jumanne, 12 Machi
Balaa. Mteja mmoja uso umemvimba, mwekundu kama bitiruti ya supu. Hakuja kwangu. Kwa nini aje? Anwani ni ya Shangazi! Shangazi akamnawisha uso kwa maji baridi, akampeleka kwa daktari kwa teksi, akamwomba radhi kwa kosa ambalo hakumbuki kulifanya. Kisha akaomba miadi kwa daktari wa ugonjwa wa kusahau. Kanipigia simu kunieleza, sauti yake ndogo. Kesho mkaguzi wa afya anakuja nyumbani kwake. Ananiomba niwepo, nimweleze mkaguzi kwamba kichwa cha shangazi yangu kimeanza kuchoka.

Jumatano, 13 Machi
Nilikwenda. Mungu anisamehe, nilikwenda nikiwa na maneno hayo tayari.
Mkaguzi, mwanamke mpole, akaweka kopo mezani. Akasema lina dawa inayoruhusiwa kule Korea lakini huku imepigwa marufuku. Akaomba faili la usalama, lile lenye vipimo vya krimu. Shangazi akavaa miwani. Akasoma lebo mara moja, mara ya pili. Jina la mtaa wake limekosewa herufi moja, ileile ninayoikosea tangu darasa la tatu.
Akanitazama. Nilitarajia kofi. Akacheka! Akacheka mpaka akalia.
“Kumbe niko mzima! Wosia nimeshaandika, na kumbe niko mzima!”
Kisha akajifuta machozi, akamgeukia mkaguzi. “Jina ni langu, mama. Aliyelibandika ni huyo hapo anayekula keki yangu.”
Kweli, mdomo ulikuwa umejaa. Hata kukana sikuweza.

Ijumaa, 15 Machi
Makopo yote yamechukuliwa. Tangazo limebandikwa kwenye geti la soko, jina langu kwa herufi kubwa. Grażyna hakunicheka. Kaniletea chai, kaiweka, kaondoka. Afadhali angenitukana.
Nikaenda kuomba radhi. Shangazi hakunikaribisha ndani. Akasema pale mlangoni kwamba ile miadi niifute mwenyewe, na nieleze sababu. Nikapiga simu hospitali. Karani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, taratibu, maana anaandika.
Nilidhani aibu ina mwisho.

Jumatatu, 18 Machi
Mimi ni mtu mpya. Sigusi tena kitu cha ngozi ya binadamu. Nimeapa.
Asubuhi jamaa mmoja kaniletea shampuu ya farasi. Ya farasi! Safari hii nimesoma sheria, ukurasa mzima: ile ya vipodozi inahusu mwili wa binadamu tu. Kama akina mama wakiitaka kwa nywele zao, mimi nitawazuiaje? Kilichobaki ni jina zuri la kupamba chupa. Marehemu baba yake Grażyna alikuwa daktari wa mifugo, mji mzima ulimheshimu. Na marehemu hana mlango wa kubishiwa hodi.
Lebo naenda kuchapa saa nane.