Nyumba ya Kapita Inakunywa Maji

Redio ya Mama Nkandu, muuza munkoyo wetu, kinywaji cha mahindi, hapa mtaa wa Hewa Bora, ilitangaza kwamba asiyelipa ankara ya maji kabla ya Ijumaa atakatiwa. Kapita akapaliwa, munkoyo ukamtokea puani.

Jina lake ni Edouard. Tunamwita Kapita kwa sababu baba yake alikuwa mnyapara wa mgodini, naye akarithi cheo bila kazi. Jumamosi anamwoza binti yake Syntiche: wageni mia mbili nyumbani kwake, wote wa kutumia maji, bafu na choo. Akatoa ankara mfukoni. Tukapokezana, kila mmoja akipiga mluzi kwa ukubwa wa deni.

"Papa Edouard, uko nafuga kiboko mu salon?" akauliza Sylvain. Yeye ni Mabata, maana anafuga bata kumi na wanne na hana habari nyingine duniani.

"Tuko bantu ine tu! Na robinet yangu haitoke hata tone!"

"Njo compteur inapima mupepe," nikasema mimi, ambaye sijui chochote kuhusu mita. "Mayi ikikosa, mupepe inapita mu tuyau ya bomba, weye unalipa mupepe."

"Basi nimelipa mupepe yote toka Kinsevere mpaka Kambove!"

Fundi bomba wetu, Chishimba, aitwaye Robine, yaani koki, akaweka kikombe chini. "Papa, tuyau imepasuka ndani ya parcelle yako, mu kiwanja. Twende nione. Bure."

"Hapana!"

"Bure, nimesema."

"Muntu haingie kwangu!"

Tukatazamana. Mtu wa Lubumbashi kukataa kitu cha bure? Hapo kuna ugonjwa.

"Miye kiko kintu kinanishangaza," akasema Mabata. "Tuko mwezi ya nane, mvua iko mbali. Lakini caniveau, mufereji ya mbele ya nyumba ya Kapita, imejaa mayi. Bata yangu inaogelea mule kama batalii."

"Ni mayi ya kufua!"

"Na ile motere inalialiaka nyuma ya nyumba," akadakia Mama Nkandu, "nayo inafua?"

Kapita akachungulia barabarani, akainama. Tukainama naye.

"Mukisema kwa muntu, nitabalaani. Mu chumba yangu ya kulala niko nachimba shaba. Marehemu papa alisemaka, chini ya Hewa Bora shaba imelala."

"Papa yako alikuwa mulevi," akasema Mama Nkandu.

"Mulevi, lakini kapita! Nilifika metre mbili, mayi ikaruka mpaka ku plafond, ku dari. Nikafurahi, maana mine ya kweli inatokaka mayi! Nikaazima pompe. Miezi mbili niko natosha mayi, namwanga mu caniveau, haiishe."

Robine akajishika kichwa. "Robinet yako ilikauka lini?"

"Mwezi ya sita."

"Na mayi ya shimo ilitoka lini?"

"Mwezi ya si..." Akahesabu kwa vidole. Kisha akawaka: "Lakini niko na preuve, ushahidi!"

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na kipande cha kijani kibichi kama jiwe la shaba, kizito. Nakiri, niliamini. Nikaanza kuwaza nitalala wapi nikichimba kwangu.

Robine akakigeuza, akakifuta kwenye suruali, akakipuliza upande mmoja. Upepo ukatokea upande wa pili.

"Shaba iko kweli, Papa. Hii ni coude, kiwiko ya tuyau yako. Ulivunja na piki yako ya kuchimbia."

Mama Nkandu alicheka mpaka akakaa chini. Mabata alilia machozi. Mimi nilimwonea huruma Kapita, maana alikikunja tena kile kipande ndani ya leso.

"Halafu nitasema nini kwa mukwe?" akanong'ona.

"Mukwe anaingia wapi?"

"Huyu Jephté anayeoa Syntiche. Familia yake ilikuwa inasitasita. Njo nikamupatia nusu ya mine, ile shimo. Kwa kinywa tu, lakini mbele ya bazee yake, na baliapa kutunza siri."

Robine alifikiri kidogo, akifunga mkoba wake wa vyombo.

"Kama nusu ya shimo ni yake, Papa, nusu ya facture nayo ni ya nani?"

Kapita akaitazama ankara, akaitazama tena. Uso ukaanza kung'aa. Akasimama, akakunja karatasi vizuri, akamshika Robine mkono.

"Muntu yangu, usifunge mayi leo. Acha kwanza mukwe atie signature ya nusu yake."