Mbuke Aondolewe Joshoni

Kijiji cha Ujamaa Mapambano,
Njia ya Butiama,
12 Agosti 1975

Ndugu Bwana Mifugo,

Nakuandikia kwa heshima ya kijamaa na kwa hasira yangu binafsi. Mimi ni Burito, katibu wa kamati ya josho la ng'ombe hapa kijijini. Namlalamikia binti Mbuke, aliyemaliza darasa la saba, ambaye Mwalimu Euphrasia alikubembeleza umpe kazi joshoni. Tangu utoto binti huyu hapendi kelele, hamtazami mtu usoni, na neno moja hulirudia mpaka uchoke. Mwalimu alisema kazi ataiweza akielekezwa vizuri. Shida yangu ni kwamba anaiweza.

1. Hasalimii. Nafika mtu mzima, tena katibu, nangoja shikamoo yangu. Yeye anatazama migongo ya ng'ombe. Juzi nilimkumbusha adabu mbele ya watu, akanijibu kwamba dawa imepungua vidole vinne. Ni kweli nilichota kidogo kwa ajili ya mbuzi wangu, lakini je, hayo ni maamkizi?

2. Mwalimu amemchorea kazi zake kwenye kipande cha boksi: kupima dawa kwa fimbo, kukoroga, kuita makundi kwa zamu. Binti ameishika michoro hiyo kama amri za Mungu. Ng'ombe wangu walikuwa wakitangulia tangu josho lijengwe, kwa sababu ya majukumu yangu. Sasa nangoja nyuma ya Nyamburi, mjane mwenye ng'ombe watatu. Sijui uhuru tuliupata wa nini.

3. Hili ndilo lililoniumiza. Chama kilipotaka kujua mifugo ya kila mtu, nilisimama mkutanoni nikaapa nina ng'ombe wanne tu, nikapigiwa makofi kwa ujamaa wangu. Wengine kumi na watano, kwa desturi ya babu zetu, wanalelewa kwa shemeji yangu Werema. Jumatatu Werema akawaleta joshoni. Mbuke akasimama langoni, akawa anasema kwa sauti ileile: "Huyu wa Burito. Huyu wa Burito. Huyu naye wa Burito." Watu waliacha shughuli zao wakawa wanahesabu naye. Nilisikia mpaka kumi na watatu, nikaziba masikio. Ilinibidi niape upya, hadharani, kwamba wote ni wa Werema.

Kwa hiyo naomba binti arudishwe akakae kwa mama yake, na kazi apewe mpwa wangu Magesa, kijana timamu, mchangamfu, anayesalimia mtu mmoja hata mara mbili, na ambaye hajawahi kukumbuka jambo lolote.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpaka mlinzi na mama wa chai. Huku wote wazima, isipokuwa mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Burito, Katibu

Nyongeza: Tafadhali usiifanyie kazi barua hii. Leo asubuhi Werema amekataa kunirudishia ng'ombe wangu; anasema kijiji kizima kilinisikia nikiapa. Kesi ni Alhamisi, na shahidi pekee anayemjua kila ng'ombe kwa rangi yake ni Mbuke. Abaki kazini, tena apewe barua ya sifa. Nimekwenda kwao mwenyewe kumwomba, na amekubali kusema. Ila anasema wangu ni kumi na watatu tu. Wawili ni wa Nyamburi, wale waliompotea mwaka juzi. Nikamsihi hao wawili awasahau. Ameniuliza kusahau kunafanywaje.