Ngamia Watano kwa Gari la Viti Viwili

Jumatatu, 3 Februari

Nimeshtuka. Sina neno jingine. Mke wangu Katunge, muuguzi, mwanamke wa sauti ya chini, amenipa hadi mwisho wa mwezi niwe nimeliuza gari. Alisema hivyo huku akimimina chai. Hata tone halikumwagika.

Kosa langu? Saa saba mchana alikuwa akitembea kutoka kazini, jua la Garissa likiipika lami, nami nikampita. Sikumwona. Alikuwa chini ya mwavuli. Anasema hata ningemwona nisingembeba, kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kimekaliwa na betri. Kweli. Betri ya akiba. Nilikuwa nimeifunga mkanda. Nadhani mkanda ndio uliomuuma zaidi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Gari langu lilitengenezwa mwaka nilipokuwa darasa la nne. Viti viwili, paa la turubai, taa za mbele zinazoinuka kama macho ya chura. Ni jekundu, au lilikuwa. Nililinunua Nairobi kabla idara ya vipimo na mizani haijanihamishia huku. Nina mke mmoja na watoto wawili, Morris na Wanji. Jumla watu wanne. Hesabu hiyo naijua siku zote. Sikudhani ingefika mahali pa kujadiliwa mezani.

Siuzi. Lazima nimwonyeshe Katunge kwamba hili ni gari la familia.

Jumanne, 4 Februari

Nimebuni kiti cha tatu. Ubao, mto wa kitandani, kamba mbili. Nimekifunga nyuma ya viti, pale panapokunjwa turubai. Turubai lenyewe sasa halifungi, lakini mvua haijanyesha tangu Desemba.

Asubuhi niliwapakia watoto wote wawili kwa mara ya kwanza. Fahari ilioje. Tukafika tuta la kwanza karibu na soko. Kwa uzito wa mtu mmoja, gari hulipanda tuta hilo kwa kunung'unika. Kwa uzito wa watatu, lilipanda nusu na kulala kwa tumbo. Magurudumu yalikuwa yakizunguka bila kugusa chochote. Nyuma yetu mikokoteni ya punda ikapanga foleni. Punda mmoja aliingiza kichwa na kula kitabu cha Wanji cha hesabu.

Aliyetuokoa ni Ogle. Lazima awe Ogle. Jirani yangu huyu huuza mifugo na ana Landkruza kuukuu ambayo haijawahi kushindwa na kitu. Alifunga kamba, akavuta, akatutoa kama jino. Kisha akalizunguka gari na kusema: "Wariya Muriuki, hii gari kweli ni baa."

Wariya ni 'wewe bwana' kwa Kisomali, na Ogle hutamka p kama b. Huenda alimaanisha paa. Sikumuuliza.

Morris amemwomba mama yake aruhusiwe kwenda shule kwa miguu.

Alhamisi, 6 Februari

Msiba.

Mpango ulikuwa mzuri. Nimchukue Katunge kazini, paa wazi, upepo usoni, kama tulivyokuwa kabla ya watoto. Nilipangusa kiti chake kwa mafuta ya nazi. Nikaliegesha gari kivulini chini ya mgunga, karibu na ofisi, nikaingia kugonga muhuri mizani ya muuza nyama. Dakika kumi tu.

Nimeishi mji huu miaka mitatu na najua korongo wanalala wapi. Kila mtu anajua. Wale ndege wakubwa wenye vipara husimama juu ya migunga kutwa nzima kama wazee wa baraza, na hakuna mwenye akili anayeegesha chini yao. Mimi niliona kivuli tu.

Kiti cha Katunge kilikuwa kimejaa. Nimepima vitu kwa miaka kumi na saba, na sikuamini kwamba ndege wanaweza kutoa kiasi kile kwa dakika kumi. Kiti changu kilikuwa safi kabisa. Ni kama walichagua.

Nilikwenda kumchukua hivyo hivyo, nimetandika magazeti. Alitazama kiti. Akanitazama mimi. Akafungua mwavuli na kuanza kutembea. Nilimfuata nyuma kwa gia ya kwanza hadi nyumbani, nikimwomba radhi kupitia dirisha. Njiani nikakumbuka kwamba hakuna dirisha, paa liko wazi, na kila mtu alikuwa akisikia.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimepata wazo ambalo hata Katunge hana jibu lake. Nitaliuza gari, lakini kwa bei ambayo hakuna binadamu atakayeilipa. Nitakuwa nimetii. Gari litabaki.

Nilikwenda hoteli ya chai wanapokaa wafanyabiashara wa mifugo. Mbele ya Ogle na wenzake nikatangaza kwamba gari linauzwa. Sitaki pesa. Nataka ngamia watano wanaokamuliwa, kila mmoja na ndama wake.

Wote wakaangua kicheko. Ogle alicheka hadi akapaliwa na chai. Aliniuliza kama nafahamu ngamia ni nini. Nilimjibu kwamba gari hili ni adimu. Alikubali. Alisema hata ugonjwa fulani wa kwato ni adimu.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilimwambia Katunge kwamba nimelitangaza. Macho yake yalilainika, akanipikia kuku. Alisema anajua ninavyolipenda, na kwamba hakutegemea ningemsikiliza. Akanishika mkono. Dhamiri ilinichoma kwa karibu nusu saa. Kuku alikuwa mtamu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeshtuka hadi nimekaa chini.

Saa kumi jioni langoni alisimama mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye miwani ya jua na simu mbili. Nyuma yake Ogle, kichwa chini kama mtoto aliyeletwa kuomba msamaha. Alimtambulisha: Maryan, eddo wake, yaani dada ya baba yake. Ana ngamia upande wa Hulugho ambao Ogle mwenyewe haruhusiwi kuwahesabu.

Mama Maryan alinisalimu, akauliza habari za watoto, za kazi, za joto. Kisha akaenda moja kwa moja kwa gari. Alilikagua kama mnyama. Alipiga ubavu kwa kiganja na kusikiliza. Alichungulia chini. Aliinua boneti akanusa. Akaingia, akaliwasha, akalipeleka hadi mwisho wa barabara na kurudi. Gia ya pili, ile inayonililia kila siku, kwake iliingia kama kisu kwenye siagi. Ogle alininong'oneza kwamba eddo aliendesha lori la ng'ombe kutoka Diff, kule mpakani, kwa miaka kumi na miwili, baada ya mume wake wa kwanza kufariki.

Nilimuuliza, kwa adabu, gari kama hili atalifanyia nini mtu mwenye ukoo mkubwa. Alivua miwani.

"Nimekuwa na gari saba," alisema. "Nikiwasha tu, watu wamejaa. Huyu hosbitali, huyu airborti, huyu shemeji ya shemeji anaenda Dadaab na godoro. Nimebeba watu miaka arobaini. Gari ingine yote ni ya watu. Hii ni ya mtu."

Katunge, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alisema polepole kwamba anamwelewa kabisa.

Jumatano, 12 Februari

Nimejaribu kuliokoa gari kwa silaha ya mwisho: ukweli.

Nilikwenda kwa Mama Maryan na kumweleza kasoro zote. Turubai halifungi. Taa ya kushoto haijainuka tangu mwaka juzi, kwa hiyo nikiwasha taa gari hukonyeza watu. Fatumo muuza maziwa aliwahi kunishtaki kwa mumewe. Redieta inavuja. Linakwama kwenye matuta. Korongo wanalipenda. Nilizungumza robo saa bila kupumua. Sijawahi kulisengenya gari langu hivyo.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia Ogle kwamba katika maisha yake yote ya biashara hajawahi kukutana na muuzaji anayetaja aibu za mnyama wake kabla ya kulipwa. Mtu wa aina hii ni wa kushikwa haraka. Akanipa mkono. Nikaupokea. Ni mazoea tu, mtu akikunyooshea mkono unaupokea. Kumbe hapo ndipo biashara ilipofungwa.

Jumamosi, 15 Februari

Wamefika.

Ngamia watano na ndama watano, mbele ya lango letu. Barabara nzima imefungwa. Majirani wametoka. Mmoja wa ngamia amekula nguo mbili kwenye kamba yetu, moja ikiwa sare yangu ya kazi yenye nembo. Katika mpango wangu wote sikuwahi kufikiria kwamba ngamia ni wanyama na wana miili.

Katunge alitoka na kusimama. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaniuliza: "Baba Morris, hili ndilo gari?"

Nilianza kueleza. Nilifika mahali pa "sikutegemea angekubali" nikanyamaza, lakini alikuwa amesikia. Nilimwona akielewa yote: tangazo, bei, kuku. Hakupaza sauti. Alisema kitu kimoja tu, kwamba Jumamosi ile alikuwa ameenda kulala akiwa na furaha. Afadhali angenitupia sufuria.

Kisha akageuka, akamwomba Mama Maryan wakae waongee. Waliongea saa nzima kwenye mkeka, wakinywa chai, mimi nikishika kamba za ngamia. Waliponiita, kila kitu kilikuwa kimepangwa. Ogle atabadilisha watatu kwa gari la viti saba. Wa nne atabaki kwenye kundi la Mama Maryan, na maziwa yatakwenda kwa Fatumo kwa jina la Katunge. Wa tano ni wangu. Katunge alisema mwanamume asibaki mikono mitupu.

Mama Maryan alijifunga ushungi vizuri, akaketi garini, akawasha taa mchana kweupe ili kuzijaribu. Zote mbili ziliinuka. Zote mbili. Aliondoka bila kutazama nyuma. Nilibaki nimemshika ngamia, au yeye amenishika mimi.

Jumatano, 19 Februari

Nilikuwa nikitoka sokoni kwa miguu, mizani ya majaribio begani, jua kali. Gari jekundu likasimama. Mama Maryan aliniambia niingie.

Sikuwahi kukaa kiti kile. Miaka tisa nilikuwa naendesha. Kutoka upande ule unaona kila kitu: daraja, mto Tana ulivyopungua, mbuzi juu ya magunia. Unaona pia dereva. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Kwenye kona mzee mmoja aliinua mkono kuomba lifti. Alikuwa binamu yake. Mama Maryan alinionyesha mimi kwa kidole, akanyoosha mikono kama mtu asiye na la kufanya, akapita. Aliniambia kwamba amezika waume wawili na kulea watoto tisa, na kwamba wiki hii ndiyo ya kwanza kusikia mawazo yake mwenyewe akiwa njiani. Hakujua kama yalikuwa mengi kiasi hicho.

Nilitaka kumwambia kwamba ni hicho hicho, kusikia mawazo yangu. Ndicho nilichokuwa nikikitafuta miaka yote, na sikuweza kumweleza Katunge. Alipunguza mwendo mbele ya tuta, akalipanda kwa ubavu, gurudumu moja baada ya jingine. Tumbo halikugusa. Miaka yote sikujua kwamba linapandwa hivyo.

Jumapili, 23 Februari

Tumekwenda kanisani kwa gari jipya. Viti saba. Tulikuwa sisi wanne, na jirani mmoja na watoto wake wawili. Wanji aliimba njia nzima. Morris alikaa dirishani akiwapungia wenzake mkono, naye hapendi kuonekana na mimi. Katunge alikaa mbele karibu nami na hakufungua mwavuli. Kwenye tuta la soko nililipanda kwa ubavu. Aliniuliza nimejifunza wapi. Nilisema kwa mwalimu mzuri. Alicheka, mara ya kwanza tangu kuku.

Naandika haya kwa unyenyekevu. Nimekuwa mtu wa kujipenda. Niliifunga betri mkanda, mke wangu akatembea juani. Nimemwomba Katunge msamaha kwa maneno kamili, nami nimesamehewa. Nimebadilika. Mtu yeyote akisoma daftari hili ajue kwamba tarehe hii Muriuki alibadilika.

Ijumaa, 28 Februari

Nimetoka Hadado kikazi, kukagua mizani ya mifugo. Nimeshtuka, lakini safari hii ni kwa furaha.

Nyuma ya duka la mtu anayeitwa Hirsi kuna gari. Viti viwili. La kijani. Liliachwa na mhandisi mmoja zamani, na kuku wa Hirsi wanataga ndani yake. Nilipoliona mapigo ya moyo yalibadilika. Turubai lake ni zima kabisa, halina hata tobo. Injini haimo, lakini injini ni kitu kinachotafutwa. Turubai zima hulipati popote. Hirsi alisema haliuzwi. Nikamweleza kwamba nina ngamia mmoja, wangu mwenyewe, anayekamuliwa, na ndama wake. Alinionea huruma, akanipa mkono. Nikaupokea.

Nimelifikiria kwa utulivu, wala si kama zamani. Kiti kimoja ni changu, kingine ni cha Katunge. Watoto watakua.

Jioni hii aliniuliza ngamia wangu anaendeleaje. Nimemwambia anahamia Hadado kwa malisho. Huo si uongo. Kilichobaki ni kutafuta namna ya kumweleza kwamba akirudi atakuwa wa kijani, na atakuwa na magurudumu. Magurudumu matatu, kwa sasa.